Nafasi ya Mlangoni

"Tisa! Tisa! Tisa! Kumi!"

Niliisikia kabla sijaona chochote. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Picha ya Ndege, Kibaha, nikitafuta mlango, na sauti za vijana zikanijia zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Zilipanda kwenye tisa tatu za kwanza, zikaanguka kwenye kumi. Kisha kimya, kisha fimbo juu ya meza, kisha tena. Nilidhani ni mgambo wanapigishwa kwata. Halafu sauti ya mwanamume, kavu, isiyo na haraka, ikasema, "Wewe wa dirishani, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Unasoma au unatafuna?" Wakacheka. Niliichukia sauti ile papo hapo, kabla sijajua mwenyewe ana sura gani, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha.

Nilipoupata mlango nikaona ubaoni imeandikwa 6847, na chini yake 3153. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya kelele yote. Ukitaka kujua namba imepungukiwa na ngapi kufika elfu kumi, huna haja ya kukopa tarakimu ya jirani kama tulivyofundishwa sisi. Kila tarakimu unaitafutia inachokosa kufika tisa, ya mwisho unaitafutia kumi. Sita, tatu. Nane, moja. Nne, tano. Saba, tatu. Vijana walikuwa wanaimeza namba na kuitapika ikiwa nyingine, bila kalamu, macho yametazama mbele. Juu ya ubao kulikuwa na maandishi mekundu: HISABATI ZA VEDA. JIBU KABLA YA KALAMU.

Nilikuwa nimekuja kuomba kazi ya kufundisha insha. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa imetoka na kusifiwa na watu ambao hawakuinunua, na ya pili ilikuwa imekwama kwenye sura ambayo mhusika anatakiwa kulia na hataki. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yetu hapo hapo Picha ya Ndege, pamoja na mdogo wangu wa kike. Yeye alikuwa tayari ndani ya darasa lile. Ndiye yule wa dirishani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mdogo wangu alimaliza kidato cha sita na kuanguka somo moja tu, Hisabati ya Juu, ambalo ndilo pekee alilolitaka. Alitaka kusomea takwimu. Wenzake walioanguka walibadilisha ndoto zao kama watu wanaobadilisha shati. Yeye alirudi kijijini kwetu Marui, Kisarawe, akakaa na wazazi msimu mzima wa korosho bila kuongea sana, kisha akasema anarudia mtihani. Kituo kile ndicho kilichokuwa kikiwasajili watahiniwa wa kurudia, na mwenye kituo ndiye aliyekuwa akiamua nani anasajiliwa kwa Hisabati na nani anashauriwa, neno lake hilo, kutafuta somo linalomfaa. Alitangaza ufaulu wa kituo kwenye bango barabarani. Hakutaka mtu wa kuuharibu.

Mwenye kituo ndiye huyo huyo mwalimu wa sauti kavu: mwembamba, shati jeupe, mikono mirefu imefungwa vifungo hata jua likiwa la saa nane. Alinipokea bila kunikaribisha kiti.

"Veda ndiyo nini, mwalimu?" nilimuuliza siku ile ya kwanza.

"Vitabu vya kale vya Wahindi. Wapo wanaosema mbinu hizi zimetoka humo. Wapo wanaosema kuna mtu kazibuni juzi juzi tu, akazipachika jina la heshima. Mimi nataka jibu. Wewe ndiye unayeandika hadithi, hangaika na asili."

Akanipa chumba cha pili, kilichotenganishwa na chake kwa mbao za dari. Kila nilichosema kuhusu aya na nukta kilitobolewa na tisa, tisa, tisa, kumi.

Muhula ule walikuwa kwenye mada ya kuhesabu njia: mipangilio na michaguo. Ni mada ya ajabu. Haikuulizi namba, inakuuliza dunia imepangwaje. Njia ngapi za kuwaweka watu kwenye mstari, kuchagua wajumbe, kugawa chakula. Sikuwa na hesabu kichwani mwangu, lakini kupitia zile mbao nilianza kusikiliza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani.

"Watu tisini na nane wametoka kuswali Idi," sauti kavu ilisema asubuhi moja. "Kila mmoja kapeana mkono na kila mmoja. Mikono mingapi imepeanwa?"

"Tisini na nane mara tisini na saba!" akapaza mmoja.

"Usinirudishie swali. Jibu."

"Tisini na nane kapungukiwa mbili kufika mia, tisini na saba kapungukiwa tatu. Tisini na nane toa tatu, tisini na tano. Mbili mara tatu, sita. Elfu tisa mia tano na sita!"

Mnyama wa hesabu, kijana yule. Nilihesabu nyuma yake kwa kalamu na nilikuwa bado sijafika nusu.

"Nani anabisha?"

Kisha sauti ninayoijua, ya polepole, kama mtu anayevuka mto akipapasa mawe. "Ni nusu yake, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nikikupa mkono, na wewe umenipa. Ni mkono mmoja, tumeuhesabu mara mbili."

"Elfu nne mia saba hamsini na tatu," akasema mwalimu. "Yuko sahihi. Mkono mmoja una wenyewe wawili, mliandike hilo. Yuko sahihi na amechelewa. Kwenye mtihani, aliye sahihi na amechelewa anaitwaje?"

"Amefeli!" likajibu darasa zima kwa furaha.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikupa lulu kwa mkono wa kulia na kofi kwa wa kushoto, na ulipaswa kushukuru kwa vyote viwili.

Nyumbani kwa shangazi, wakati wa kuchambua mchele, mdogo wangu alikuwa mtu mwingine. Alichora namba kwa kidole juu ya mchele uliotandazwa kwenye ungo.

"Kaka, tazama. Kumi na mbili juu, kumi na tatu chini. Wima, unazidisha: moja na moja, moja. Sasa mkingamo: moja na tatu, tatu; mbili na moja, mbili; jumla tano. Wima tena: mbili na tatu, sita. Mia hamsini na sita. Umeona kilichotokea?"

"Nimeona mchele unachafuka," alisema shangazi.

"Hakuna tarakimu iliyoachwa. Kila ya juu imepeana mkono na kila ya chini, mara moja moja. Kuzidisha ni ile Idi yake tu, kaka, ila hapa wa safu moja hawapeani wenyewe kwa wenyewe."

"Mwalimu wako kawaambia hivyo?"

"Mwalimu anasema kwa nini ni ya vyuo vikuu. Anataka tufanye haraka." Akaufuta mchele kwa kiganja. "Lakini mbinu ni tamu. Sitaki kusema uongo. Ni tamu."

Nilikaa pale nikiwa na wivu mchungu. Nimeandika kurasa nyingi kutafuta jinsi watu wanavyogusana ndani ya nyumba moja, na msichana huyu alikuwa ameipata kwenye kumi na mbili mara kumi na tatu, na kulikuwa na mtu hapo jirani aliyekuwa akimwadhibu kwa hilo.

Kisha ikaja siku ya kurudishiwa majaribio. Mwalimu hakugawa karatasi. Alizisoma kwa sauti, moja moja, kama hakimu.

"Watu wanane wameketi kuzunguka meza ya duara. Wanaweza kukaa kwa njia ngapi? Swali la kumpa maksi hata aliyelala. Wa Marui kaandika elfu arobaini mia tatu na ishirini. Mpigieni makofi."

Wakapiga.

"Sasa tumweleze. Wanane kwenye mstari, sawa, nane mara saba mara sita mpaka mwisho, utapata hiyo. Lakini meza ya duara haina mwanzo wala mwisho. Wote wakisogea nafasi moja, aliyekuwa kulia kwako bado yuko kulia, wa kushoto bado yuko kushoto. Hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo mmoja tunamgandisha, tunawapanga saba. Elfu tano na arobaini. Umeelewa, au tukuletee meza?"

"Nimeelewa, mwalimu. Ila nilifikiria sinia."

"Nini?"

"Sinia. Kwetu tulikuwa tunakula wanane. Wote wakisogea nafasi moja, anayeamka kufuata maji anakuwa mwingine."

Darasa lilivuta pumzi. Halafu likapasuka kwa kicheko.

"Oya, Binti Sinia kachemka!"

"Mwalimu, muulize na ukoko unahesabiwa?"

"Mwacheni," mwalimu alisema, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba anafurahia. "Wenzake wanahesabu watu, yeye anahesabu wali."

Niache niseme kuhusu sinia, kwa sababu mtu ambaye hakukulia nyumba kama yetu atacheka na wale. Chumba chetu cha mbele kule Marui kina mlango mmoja tu, unaotokea uani. Jiko liko uani, mtungi uko uani, njia ya kwenda barabarani inaanzia uani. Sinia liliwekwa katikati ya mkeka, na ambaye mgongo wake uko mlangoni ndiye aliyeamka. Chumvi, yeye. Pilipili, yeye. Mtu kabisha hodi, yeye. Birika la kunawa, mwanzo na mwisho, yeye. Alipokuwa akienda na kurudi, mikono mingine saba haikusimama kumsubiri. Alirudi akakuta upande wake wa wali umemegwa na nyama imehama. Hiyo ilikuwa nafasi ya mdogo kuliko wote, na mdogo wangu hakuwa na mdogo. Aliikalia tangu alipoweza kubeba birika bila kulimwaga, mpaka alipopanda gari kuja Kibaha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusogea nafasi moja.

Kwa hiyo hakukosea kwa uvivu. Kwa yeye anayeamka, nafasi hazifanani, na duara lina mwanzo.

Baada ya kipindi mwalimu alimwita nje akamwambia, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kejeli, kwamba hatamsajili kwa Hisabati, atafute Historia. Mdogo wangu alirudi ndani kuchukua mkoba wake bila kumtazama mtu. Mimi nikatoka na chaki mkononi.

"Umemfedhehesha mbele ya watu."

"Nimemsahihisha."

"Jibu lake lilikuwa na sababu."

"Kila kosa lina sababu. Mtihani hausahihishi sababu."

"Wewe huoni watu, unaona tarakimu tu."

Kifungo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimelegea, akakikaza. "Umeandika kitabu ambacho hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyekisikia, na unataka kunifundisha kuona watu. Rudisha chaki. Kazi yako hapa imeisha. Na habari ya huyo binti nitaongea na baba yenu, siyo na mtunzi. Jumapili niko Kisarawe, nafungua darasa jipya. Marui nitafika."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimevimba kwa ushujaa. Mdogo wangu alikuwa uani anafua sare, ingawa haikuwa siku ya kufua.

"Nani kakutuma, kaka?"

"Alikuwa anakudhalilisha."

"Nilikuwa nataka kumwomba wiki moja. Wiki moja tu ya kujaribiwa tena. Sasa nitaombea wapi? Umeingia katikati ukamwaga kila kitu." Aliikamua sketi mpaka maji yakaacha kutoka, akaendelea kuikamua. "Wewe unapata sura ya kitabu chako. Mimi napata Historia."

Nilimpigia simu baba, nikamsimulia yote, na palipokuwa na nafasi nikaongeza chumvi. Baba ni mkulima wa mihogo na korosho, mtu wa maneno machache yanayokaa muda mrefu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Aje ale," akasema.

Jumapili ile sote wawili tulikuwa Marui. Mwalimu alifika mchana na viatu vyekundu kwa vumbi, akaviacha kizingitini, akaingia chumba cha mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Nasikia unafundisha hesabu za Wahindi. Ni za dini gani?"

"Ni za kuzidisha, mzee."

Baba mdogo, ambaye ni mdogo wake baba na amezoea kucheka kwa niaba yake, akacheka. Baba hakucheka. Sinia likaletwa na kuwekwa: wali wa nazi, kuku wa kienyeji, kisamvu pembeni. Tulikuwa wanne, wanaume tupu kwa ajili ya mgeni. Mama na mdogo wangu walikuwa uani. Kwa kawaida mgeni hupelekwa ukuta wa ndani, atazamane na mlango, na mimi ndiye ningekaa mlangoni. Lakini mwalimu alikuwa na haraka, au alitaka kuonyesha kwamba si mtu wa makuu. Alikunja miguu pale pale aliposimama.

"Hapa panatosha, mzee."

Baba mdogo akafungua mdomo kumsogeza. Baba akamtazama. Baba mdogo akafunga mdomo. Nikaenda kukaa ukuta wa ndani, mahali pa mgeni, nikiwa na furaha mbaya.

"Bismillahi," alisema baba. Alimega tonge, akatafuna, akameza. "Mwalimu, chumvi haijatosha. Hebu tuombee hapo nje."

Mwalimu alitazama kushoto na kulia akidhani anaambiwa mwingine. Kisha akainuka. Mdogo wangu ndiye aliyempa kibakuli cha chumvi mlangoni. Niliona mkono wake ukitoka na kubaki hewani kidogo baada ya mwalimu kuchukua.

Akaketi. Akamega.

"Na ndimu, mwalimu."

Akainuka. Tukaendelea kula. Baba mdogo alivuta paja la kuku upande wake bila aibu. Mwalimu aliporudi na ndimu, baba alikumbuka pilipili. Aliporudi na pilipili, baba mdogo alikohoa akaomba birika la maji, na sijui kama kikohozi kile kilikuwa cha kweli. Kila alipopita, mdogo wangu alikuwa hapo mlangoni akimkabidhi kitu, na kila mara uso wake ulikuwa umefungwa zaidi. Nilidhani anajizuia kucheka. Nilitafuta macho yake ili tucheke pamoja, hakunipa.

Mwalimu aliliweka birika chini. Upande wake wa sinia ulikuwa umebaki kisamvu.

"Nyumba hii mgeni ndiye anayehudumia?"

"Hapana," alisema baba. "Anahudumia aliyekaa mlangoni. Kama imekuchosha, tusogee sote nafasi moja. Si umemwambia binti yangu kwamba hakuna kitakachobadilika?"

Baba mdogo alipiga goti lake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuiandika ile sentensi kichwani. Nilimtazama mwalimu ashuke, ajikunje, aombe radhi.

Hakushuka. Alifuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Nimeelewa, mzee. Mmelipanga vizuri. Sasa na mimi niseme. Swali linasema meza ya duara. Halisemi mlango, halisemi birika. Binti yako akiongeza mlango ambao haumo, anafeli, na mimi siwezi kumfuata msahihishaji nikamweleza jinsi mnavyokula. Msahihishaji hajafika Marui. Hatafika. Mnataka nimwonee huruma? Kuna waliomwonea huruma kabla yangu, na akaanguka."

Hakuna aliyemega.

"Najua," ilisema sauti mlangoni. Mdogo wangu alikuwa amesimama na bilauri ya maji mkononi. "Ni elfu tano na arobaini. Nilijua siku ile ile, ulipomaliza kueleza. Niulize lingine, mwalimu."

"Kula kwanza," baba alimwambia mwalimu, ghafla akikumbuka adabu.

"Niulize," alirudia.

Mwalimu hakugeuka kumtazama. Aliongea na ukuta, juu ya kichwa changu. "Kijiji kina watu wazima mia moja. Tunachagua watatu. Njia ngapi?"

"Watatu wajumbe tu, au kila mmoja ana cheo chake?"

Hapo aligeuka. Ni mara pekee nilipouona uso ule ukilegea, na haukudumu.

"Wajumbe tu."

"Mia, mara tisini na tisa, mara tisini na nane. Tisini na tisa kapungukiwa moja, tisini na nane kapungukiwa mbili. Tisini na tisa toa mbili, tisini na saba. Moja mara mbili, mbili. Elfu tisa mia saba na mbili. Mara mia, laki tisa na elfu sabini na mia mbili." Akatua hapo. Nje kuku walikuwa wakigombana juu ya ganda la muhogo. Nilitaka kumsaidia na sikuwa na cha kumsaidia. "Lakini watatu wale wale wanaweza kuitwa kwa mpangilio sita, na ni wale wale. Nagawa kwa sita. Laki moja, elfu sitini na moja, mia saba."

"Polepole mno," alisema mwalimu.

"Ni sahihi."

"Ni sahihi na ni polepole mno. Kesho asubuhi, ubaoni, mbele ya wale wale waliokucheka. Nitakuuliza mpaka nichoke mimi. Orodha ya usajili naipeleka mchana. Usipofika, inakwenda bila jina lako, na usinitumie mzee wala mtunzi." Akainuka. "Ahsanteni kwa chakula. Kwa nilichopata."

Alivaa viatu bila kufunga kamba. Tulisikia pikipiki yake ikikohoa njiani mpaka ikaisha.

Baba alisogeza sinia mbele, ishara kwamba ameshiba. "Hutakwenda kwa mtu yule."

"Nitakwenda, baba. Nikichelewa kutoka sasa sitapata gari la kufika Kibaha leo."

"Ametutukana ndani ya nyumba yetu."

"Mmemwinua mgeni kwenye chakula. Mara ngapi? Na mmefanya kwa jina langu, mimi nikiwa nimesimama pale nampokeza."

"Tumekutetea," nilisema.

Alinigeukia, na sikuwahi kuona hasira ile ikielekezwa kwangu. "Yule anataka niharakishe. Nyinyi mnataka niendelee kuwa nimekosea, ili mumshinde."

"Nitakutafutia mwalimu mwingine."

"Yupi? Mtaje."

Toka Mlandizi mpaka Kisarawe nisingeweza kumtaja mtu mmoja anayejua alichokuwa akikijua yule, na yeye alikuwa amelijua hilo muda mrefu kabla yangu.

Alikwenda chumba cha ndani. Tulimsikia akifunga zipu ya mkoba. Mama alisema naye kwa sauti ya chini uani, akamfungia mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko. Mama hakuingia chumbani kutuambia lolote, na hilo lilikuwa neno tosha. Bodaboda ilipiga honi njiani.

Alirudi chumba cha mbele kuchukua viatu vyake, akapita pembeni ya mkeka. Nafasi ya mlangoni ilikuwa wazi. Baba alikuwa amekaa na mkono wake wa kulia umeinuliwa kidogo, vidole vina mafuta, anamtazama kama alivyomtazama kila siku ya maisha yake mwisho wa chakula.

"Maji ya kunawa," baba alisema. Sidhani alikusudia. Mdomo wake ulisema wenyewe.

Mdogo wangu aliliokota birika pale mwalimu alipoliacha. Kwa kitambo nilidhani atamnawisha, atalia, atakaa. Alizunguka mkeka mpaka ukuta wa ndani, kwenye nafasi ya mgeni nilipokuwa nimekaa, akaliweka birika mapajani kwangu. Lilikuwa zito na la baridi, likamwagikia suruali yangu.

"Sogea, kaka," alisema.

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.